Sura ya 7: Kabla ya Saa Sita

Kisanduku kililia saa kumi na dakika ishirini alfajiri, tukiwa hatujafika hata nusu ya mlima. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, nami nilikuwa nimeruka gogo. Kifuniko kikateleza upande, kikatoa sauti moja nyembamba kama bawaba ya mlango wa jikoni. Mzee aliyekuwa mbele yetu akasimama. Hakugeuka. Alizima tochi, akalisikiliza giza kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mpira uko wapi?"

Mpira ulikuwa kambini, mezani, kando ya kikombe changu cha kahawa.

Kila mwenye kisanduku cha aina hii hukifunga mpira kabla ya kukitia mkobani, mpira mwembamba uleule ambao wenye maduka hufungia noti. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu aliniambia mzee mwenyewe, siku tulipomaliza kukitengeneza, akanivalisha ule mpira kidoleni kama pete ili nisiusahau. Niliusahau. Tulisimama kama dakika tano hivi, pasijibu kitu ila maji ya kijito kule bondeni, tukaendelea kupanda. Njia yote iliyobaki nilitembea nimekibana kisanduku kwapani, kama mtu aliyeiba kuku.

Tulikuwa wanne. Mzee, ambaye alistaafu kwenye kiwanda cha kupasua mbao; mkwewe, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa maneno machache na mikate mingi; mimi; na ndugu yangu mmoja wa Uvira, aliyefika Pennsylvania kama mkimbizi angali kijana, na ambaye huniita yaya, kama Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa, ingawa tumepishana miaka minne tu. Milima yenyewe iko kaskazini ya kati ya jimbo hilo. Si mirefu kwa mtu aliyeiona Uluguru, lakini imefunikwa misitu ya mialoni na micheri mpaka upeo wa macho. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei. Majani yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, madogo kama kucha za mtoto, na baridi ya alfajiri ilikuwa bado inauma masikio.

Tuliyemfuata ni bata mzinga mwitu. Jina hili letu lina kasoro, maana ndege huyu si bata hata kidogo. Miguu yake si ya kuogelea, na ukoo wake ni wa kuku, kwale na kanga. Lakini tusijilaumu; karibu kila taifa lilikosea kumpa jina. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na wenyeji wa Meksiko walimfuga karne nyingi kabla ya Wahispania kumchukua kwenda Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Alipofika huko, Waingereza walimchanganya na kanga, ndege wa Afrika aliyekuwa akiwafikia kupitia himaya ya Waturuki, wakampa jina la Uturuki. Waturuki wenyewe humwita wa India. Wafaransa nao walimwita kuku wa India. Wareno wanamwita Peru, na Wamisri jogoo wa Kirumi. Kisha wanasayansi, ambao mtu angetegemea wawe makini zaidi, wakaiita jenasi yake Meleagris, neno ambalo kwa Kigiriki ni kanga. Kwa hiyo mimi nilipomwona mara ya kwanza akikatiza barabara asubuhi ya baridi, nikasema moyoni "kanga gani huyu mkubwa hivi," nilikuwa nimekosea pamoja na wakubwa.

Dume aliyekomaa huwa na kilo 7 hadi 11. Mgongo wake hung'aa rangi ya shaba na kijani akipigwa na jua. Kifuani huning'inia fungu la nyuzi ngumu nyeusi wanaloliita ndevu, na miguuni ana vipi kama jogoo. Kichwa hakina manyoya. Ngozi yake hugeuka rangi kwa kadiri ya hasira na ashiki, mara nyekundu, mara nyeupe, mara samawati. Anaona rangi, anaona karibu pande zote bila kusumbua shingo, na anasikia kitawi kikivunjika mahali ambapo wewe husikii hata gari. Wawindaji wa huko wana usemi kwamba lau angepewa na pua ya kunusa, hakuna binadamu ambaye angewahi kuonja nyama yake.

Sheria ya Pennsylvania inasema kwamba katika msimu wa machipuo ndege huyu awindwe kwa kuitwa tu. Kumnyatia ni kosa. Kumswaga ni kosa. Sauti ya kurekodiwa ni kosa. Anayeruhusiwa kupigwa ni mwenye ndevu, maana majike wakati huo wanataga na kuatamia. Unaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na katika wiki za mwanzo za msimu, ikigonga saa sita mchana, unatoa risasi kwenye bunduki na kurudi ulikotoka, ili majike waliolalia mayai wasivurugwe kutwa nzima. Kazi yote, basi, ni kukaa chini, kuegemea mti na kusema uongo kwa sauti ya jike.

Na uongo wenyewe una ugumu wa pekee, kwa sababu unamtaka ndege atende kinyume cha desturi ya ukoo wake. Kwa bata mzinga, dume ndiye anayewika. Anajivimbisha, anaburuza mbawa, anafungua mkia kama upepeo, na majike ndio wanaomwendea. Ni bwana harusi aliyekaa jukwaani akingoja aletewe. Wewe, bibi harusi bandia uliyejificha chini ya mwaloni, unamwambia ashuke jukwaani akutafute vichakani. Kukujibu atakujibu, tena kwa bidii. Hilo hata mtoto analiweza. Kisha atasogea mpaka mita 70 au 80 hivi, nje ya mwendo wa marisau, na hapo atasimama, atatembea huku na huku, akingoja umalizie hatua zilizobaki. Mgeni akifika hapo hushikwa na pupa, akaita tena, akaita kwa nguvu, akabembeleza. Kila mwito wa ziada unamhakikishia dume jambo moja: jike huyu amekwisha kunasa, mwenyewe anakuja. Sasa yeye ajisumbue ya nini?

Mzee husema, ukitaka kujua mtu amewinda bata mzinga kwa miaka mingapi, hesabu dakika anazoweza kukaa bila kuita.

*

Kisanduku changu nilikitengeneza mwezi Februari katika karakana ya mzee, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Kwa kukitazama ni kitu duni: kijisanduku kirefu kilicho wazi juu, kinachoenea kiganjani na kuzidi kidogo, chenye mbavu mbili za mbao nyembamba, vipande viwili vya mbao nene vya kuziba ncha, na kifuniko chenye mkia wa kushikia kilichobanwa upande mmoja kwa skrubu na springi. Ukikisogeza kifuniko, tumbo lake hukwaruza ukingo wa ubavu, ubavu hutetemeka, na ule uwazi wa ndani huikuza sauti. Ni fidla isiyo na uzi. Hataza ya kifuniko cha namna hiyo alipewa Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, mwaka 1897. Kuanzia mwaka 1940 M. L. Lynch wa Birmingham, Alabama, aliviuza vyake mpaka vikaenea Marekani nzima. Na katika nusu ya pili ya karne ya 20 akatokea Neil Cost wa South Carolina, ambaye visanduku vyake siku hizi wakusanyaji huvinunua kwa maelfu ya dola na kuviweka kabatini, visilie tena. Mzee anavisema hivyo vya kabatini kama mtu anayezungumzia simba wa bustani ya wanyama.

Mbao tulizotumia zilikuwa za mcheri mweusi, mti ambao milima ile inasifika nao kwa watengeneza samani. Mzee alikuwa amezihifadhi kwenye dari miaka mingi, na kila ubao ulikuwa umeandikwa kwa penseli mahali mti ulipoangushwa. Kazi ya kukata na kuunga kwa gundi iliisha siku ya kwanza. Siku mbili zilizofuata zilikuwa za msasa. Ubavu unaanza na unene wa kama milimita 4, na kutoka hapo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka utamke. Mzee aliugonga kwa ukucha, akauweka karibu na sikio, akanirudishia.

"Bado."

Nikapitisha msasa mara kumi. Akagonga.

"Bado."

Mara tano. Akagonga, akakaa kimya, akanitazama juu ya miwani. "Sasa mara mbili. Mbili tu."

Nilipitisha mara nne, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Alipogonga tena hakusema kitu. Alikifunga kifuniko, akapaka chaki, akakivuta taratibu. Sauti ya jike wa bata mzinga akiita ina sehemu mbili: inaanza juu, nyembamba na safi, halafu inavunjika na kuanguka chini kwa mkwaruzo, na zikifuatana tano au sita utadhani mtu anasukuma mkokoteni usiotiwa grisi. Ubavu wa kulia, ambao mzee mwenyewe aliukamilisha, ulitoa hayo yote. Ubavu wangu wa kushoto ulianza kwa mkwaruzo na kuishia kwa mkwaruzo.

"Huyu amevuta tumbaku miaka arobaini," mzee alisema. Nilimwomba tuubandue tuweke mwingine. Akakataa. Alisema msituni majike hawakupita shule ya muziki. Amewahi kumsikia mmoja mwenye sauti mbaya kiasi kwamba alidhani ni mwindaji mgeni, akacheka peke yake, mpaka jike mwenyewe akatokea akipekua majani na vifaranga nyuma. Ubavu ukabaki. Mkwewe akaubatiza jina la Shangazi.

Mambo ya kutunza ni machache, lakini hayana msamaha. Ule ukingo wa juu haushikwi kwa vidole, maana jasho na mafuta ya ngozi huua mkwaruzo. Mbao zile hazipakwi varnishi mahali zinapokutana. Chaki iwe chaki tupu. Zile za shule zilizotengenezwa zisitoe vumbi zimechanganywa na mafuta au nta, na kisanduku kilichopakwa hizo huteleza kimya kama ulimi wa mwanasheria. Mvua ikinyesha, chaki huloana na sauti hufa, kwa hiyo wazee hutembea na mfuko wa nailoni wa mkate, wakaingiza mkono pamoja na kisanduku na kukipiga humohumo ndani.

Vyombo vingine vipo. Kuna kigae cha jiwe jeusi kinachosuguliwa kwa kijiti. Kuna utando wa mpira unaokaa juu ya ulimi, ambao unaiacha mikono huru, na ambao mimi ulinitapisha. Lakini kilicho kongwe kuliko vyote ni mfupa. Wenyeji wa Marekani waliwaita ndege hawa kwa mifupa ya mbawa zao wenyewe kabla Mzungu hajakanyaga huko. Unachukua mifupa mitatu ya ubawa, ya jike ikipatikana, kwani ni myembamba na sauti yake ni kali. Unaichemsha, unatoa uboho, unakata ncha, unachomeka mmoja ndani ya mwingine kwa gundi na kuzungushia uzi. Hupulizi. Unabana midomo kwenye ncha nyembamba na kuvuta hewa kwa mapigo mafupi, hasa kama kubusu.

Ndugu yangu wa Uvira aliuchagua mfupa. Ubawa alipewa na mzee, wa jike aliyepigwa msimu wa vuli, wakati ambapo majike huruhusiwa. Juma zima mkewe alimsikia bafuni akibusu kitu asichokiona, na siku ya tatu akabisha hodi kuuliza yuko na nani.

Siku moja mle karakanani mzee alinionyesha kipande kingine cha mti. Alikitoa kwenye droo ya chini, kimefungwa kitambaa: kijiti cheusi tii, kizito kuliko ukubwa wake, alichokuwa anataka kukichonga kiwe mdomo wa chombo cha kuvuta. "Hii ngumu," alisema, "inakula visu vyangu. Wanauza ghali kama dhahabu." Nilikigeuza mkononi. Ulikuwa mpingo. Nilikua nikiona Wamakonde wakiuchonga kandokando ya barabara, na nilijua kwamba zumari na klarineti za Ulaya hutoka humo, lakini sikutarajia kukutana nao kwenye droo ya mpasua mbao wa Pennsylvania. Nilimwambia huo mti unatoka kwetu, kwamba huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, na kwamba kuna vijiji vya Kilwa vinavyoulinda msitu wake na kuuza magogo kwa hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakirudisha kile kijiti kwenye kitambaa kwa uangalifu zaidi kuliko alivyokitoa, na mpaka leo sijasikia kama amekichonga.

*

Tulifika kwenye mgongo wa mlima giza likiwa bado halijapasuka. Mkwe akaenda na ndugu yangu upande wa magharibi, mimi nikabaki na mzee. Kabla ya kukaa, mzee akaweka viganja mdomoni na kulia kama bundi.

Sikuwa nimeonywa. Kwetu bundi akilia juu ya paa, mtu hutoka na kijinga cha moto na matusi. Hakuna anayemwita kwa hiari, sembuse kumwigiza mlimani usiku. Lakini huko wana sababu. Dume wa bata mzinga hulala juu ya mti, na majira ya machipuo damu yake huwa imechemka kiasi kwamba kelele yoyote ya ghafla humfanya awike bila kukusudia: bundi, kunguru, radi, hata mlango wa gari. Akiwika, umejua mti aliolala. Baadaye ndugu yangu aliniambia kwamba alipousikia mlio ule kutoka upande wa pili alishika shina la mti na kusoma sala. "Yaya, kwetu hii ni mambo ya wachawi," alisema. "Nilifikiri tumeletewa."

Bundi wa mzee alilia milio minane. Kukawa kimya. Kisha, chini yetu kidogo upande wa kushoto, msitu ukakohoa: gobo-gobo-gobo-gobo, mlio wa kuviringika kooni, wa haraka, kama debe la mawe linaloporomoka ngazi. Mwili wangu ulisikia kabla ya masikio. Mzee akainua vidole viwili. Mita 200.

Tulikaa. Nina jambo la kusema kuhusu kukaa, maana ndipo watu huumizwa. Unachagua mti mpana kuliko mabega yako, ili anayetoka nyuma asikupige akidhani ni ndege. Huvai chochote chekundu, cheupe wala cha samawati, hata soksi, hata leso ya mfukoni, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na katika mwanga wa alfajiri kuna mtu mahali fulani anayezitafuta akiwa na kidole kwenye kifyatulio. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, humpungii mkono. Unasema kwa sauti ya kibinadamu, wazi. Mzee alipoteza jicho la rafiki yake kwa namna hiyo. Ndivyo anavyosema, "nilipoteza," ingawa hakufyatua yeye. Hakuendelea kunieleza, nami sikuuliza.

Saa kumi na mbili kasorobo mzee alinipa ishara. Nilishika kisanduku kwa ncha za vidole, nikaita kwa ubavu wa kulia, mara tatu, polepole, kama jike anayejinyoosha juu ya tawi. Dume akanikatiza kabla sijamaliza mlio wa tatu. Moyo ukaruka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifuniko, na mkono wa mzee ukawa juu yake. Ulikuwa mzito na mkavu kama ubao. Akautuliza hapo.

Tulikaa hivyo dakika ishirini na tano. Dume alishuka mtini, tulisikia mbawa zikipiga matawi, kitu kizito kikitua. Aliwika akiwa chini. Akawika akiwa karibu zaidi. Kisha akaacha kuwika, na kukaja sauti ambayo sikuwa nimeambiwa habari zake: mvumo wa chini kabisa, kama lori lililosimama barabara ya mbali bila kuzimwa, unaoingia kifuani kuliko masikioni. Dume akijivimbisha huvuma hivyo. Mzee akatikisa kidevu kidogo sana kuelekea kwenye mwaloni ulioanguka. Nyuma ya gogo lile ulipita upepeo wa mkia, wa kahawia, wenye ukingo wa shaba, ukasimama, ukapinduka, ukarudi. Kichwa kilikuwa cheupe kama kikombe.

Alikuwa mita 60. Bunduki ya mzee ilikuwa gotini, imeelekezwa, na haikutikisika. Alihitaji ndege asogee mpaka 35.

Hapo ndipo jike wa kweli alipoita. Alikuwa mahali fulani juu yetu kuliani, na nitakiri kwamba kama angekuwa mwanafunzi wa karakana ya mzee, naye angeambiwa "bado." Sauti yake ilikuwa mbovu, ya puani, ya mtu aliyeamshwa kwa ubishi. Aliita mara nne tu. Kisha tukamwona akiteremka kwenye majani makavu bila haraka, akapita hatua kama kumi mbele ya miguu yetu, akamtazama mzee, akamwendea mumewe. Ule upepeo ukafungwa. Wakaondoka pamoja kuelekea bondeni, yeye mbele, dume nyuma akivuma.

"Ameshinda kesi," mzee akanong'ona, akaondoa mkono wake juu ya wangu.

Tulihama mara tatu asubuhi ile. Upande wa magharibi ndugu yangu alimvuta dume mdogo wa mwaka mmoja kwa mfupa wake mpaka hatua ishirini. Mkwe alikuwa na bunduki tayari, naye ndugu yangu akaacha kubusu, akapiga chafya. Hayo waliyasimulia wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na chafya ilizidi kukua kila waliporudia.

*

Katikati ya asubuhi, tukiwa tumejinyoosha juani, nilimuuliza mzee kama utotoni mwake walikuwa wengi hivi. Alicheka. Baba yake, alisema, aliishi na kufa kwenye milima ile bila kumwona hata mmoja.

Karne ya 19 iliwamaliza. Misitu ya mashariki ya Marekani ilifyekwa kwa ajili ya mbao, makaa na mashamba, na nyama ya bata mzinga iliuzwa mijini bila kipimo. Mwaka 1904 ukagunduliwa New York ugonjwa wa ukungu ulioingia na miti ya kutoka Asia, ukaangamiza michestinati kwa mabilioni, mti ambao tunda lake lilikuwa chakula cha kila mnyama wa mlimani. Kufikia hapo ndege alikuwa ametoweka kabisa katika majimbo mengi. Mwaka 1937 ikatungwa sheria ya kuielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye wanyamapori. Majimbo yalijaribu kufuga bata mzinga mabandani na kuwafungulia msituni. Wakafa. Ndege aliyelelewa na ndoo ya mahindi hajui mbweha ni nani.

Kilichofaulu kilikuwa kuwakamata wa mwituni wachache waliosalia na kuwahamishia kwenye misitu iliyokuwa imeota upya. Lakini unamkamataje ndege mwenye macho yale? Kuanzia miaka ya 1950 walitumia wavu mpana uliokunjwa na kufichwa, chambo cha nafaka mbele yake, na nyuma yake mizinga midogo ya baruti iliyourusha juu ya kundi zima kwa nukta moja. Nimewaeleza wenzangu Wamarekani mara kadhaa kwamba kwa Kiswahili bata mzinga aliokolewa na mizinga, na kila mara nimelazimika kueleza kwa nini nacheka peke yangu. Pennsylvania ilifungua msimu wake wa kwanza wa machipuo mwaka 1968. Mwaka 1973 likaundwa shirikisho la kitaifa la ndege huyu, ambalo wanachama wake wengi ni wawindaji, na leo yupo katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Alaska. Mzee alikuwa kijana aliyekwisha oa alipomsikia wa kwanza. Alisema alisimamisha gari katikati ya barabara, akazima injini, na akachelewa kazini.

*

Saa sita ilitukuta kwenye lori. Risasi zilikuwa nje, bunduki zimefunguliwa na kulazwa kwenye mifuko yake. Mkwe alikuwa amegawa mikate, ya nyama ya kulungu na haradali, na ndugu yangu alikuwa akimwonyesha jinsi chafya ilivyoanzia, hapa, kati ya nyusi. Sote tulikuwa tumevua vinyago vya nyavu na kuanza kuongea kwa sauti za kawaida, zilizosikika kubwa mno baada ya saa saba za minong'ono. Mimi nilikuwa natafuta kupe kwenye soksi. Nikaegemeza mkoba kwenye ukingo wa lori, ukaanguka ubavu.

Shangazi akalia. Mlio mmoja, wa mkwaruzo mtupu, mbaya kuliko wote aliowahi kutoa.

Ng'ambo ya kijito, pengine hatua mia moja kutoka kwenye mikate yetu, dume akawika.

Hakuna aliyetafuna. Mkwe aligeuza kifundo cha mkono polepole na kutazama saa. "Na dakika sita," alisema. Dume akawika tena, karibu zaidi, na safari hii hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Kisha akatokea kwenye barabara ya kokoto mahali inapokata kijito, akapanda tutani, akasimama. Kichwa chekundu, shingo ya samawati, ndevu zikifagia. Akatazama lori. Akatazama watu wanne wenye haradali mikononi. Akajivimbisha, akafungua mkia wote, na kwa muda ambao sikuupima akatembea mbele yetu huku na huku, akingoja jike wake atoke ndani ya mkoba.

Mzee akaingiza mkono mfukoni bila kuondoa macho barabarani, akatoa mpira, akanipa.